Mwenye Macho Naye Huambiwa Tazama

Mafundisho kwa wakatekumeni juu ya viumbe vya Mungu na kazi ya mchoraji



Wazee wana mithali isemayo: Mwenye macho haambiwi tazama. Mithali hiyo ni ya kweli sokoni na njiani, kwa maana mtu mzima haongozwi mkono ili asijikwae kwenye jiwe. Lakini Bwana wetu Yezu Kristu, alipofundisha mlimani, aliwaamuru wanafunzi wake wawatazame ndege wa angani, tena wayaangalie maua ya kondeni jinsi yanavyokua. Wale aliowaambia hawakuwa vipofu. Kati yao walikuwamo wavuvi waliozaliwa katika nchi ya ndege hao na maua hayo, nao walipita karibu nayo kila siku tangu utoto wao. Mbona basi waliambiwa watazame? Waliambiwa kwa sababu mtu aweza kuwa na macho mazima, akapita njia moja miaka arobaini, asione alichokiweka Mungu kandokando yake.

Somo la leo lahusu watu ambao kazi yao yote huanza kwa kutazama, yaani wachoraji wa milima, maji, miti na wanyama. Labda mkatekumeni atauliza: Kazi hiyo yamfaa nini mtu anayejitayarisha kwa Ubatizo? Yamfaa sana, na sababu yake itaonekana mbele.

1. Nchi iliyo mbele ya mlango

Nchi ya Minembwe iko juu katika milima ya Fizi, zaidi ya mita 2000 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi ukungu hulala mabondeni kama maziwa chunguni. Jua lipandapo, ukungu huinuka polepole, na vilele hutokea kwanza, kimoja kimoja, kama visiwa. Wakati wa mvua malisho huwa mabichi. Kiangazi, tangu mwezi wa sita, hugeuka yakawa na rangi ya manyoya ya simba. Upande mmoja kuna msitu wa Itombwe na mianzi yake. Upande wa mashariki milima hushuka hata Ziwa Tanganyika, na aliyesimama mahali pa juu siku ya anga safi huweza kuliona likimeta chini sana, na rasi ya Ubwari ikiwa imelala majini mbele ya Baraka.

Watu wa huko hawakosi macho. Mchungaji humjua ng'ombe wake kwa rangi na kwa pembe, hata akiwa katikati ya kundi la mwenziwe. Mkulima hulijua wingu la mvua na wingu la bure. Mwenye kutafuta kuni huujua mti utakaowaka na mti utakaotoa moshi tu. Hilo ndilo jicho la kazi, na Mungu alimpa mwanadamu jicho hilo ili apate chakula.

Lakini Maandiko Matakatifu katika kitabu cha Mwanzo yafundisha jambo jingine. Mungu alipoumba nuru aliitazama, akaiona kuwa ni njema. Alipoitenga nchi kavu na maji, alipoiotesha miti na majani, aliyatazama tena, akayaona kuwa ni mema. Wakati ule hapakuwa bado na mtu wa kulima wala wa kuchunga. Hapakuwa na soko wala bei. Basi majani yalikuwa mema kabla ya ng'ombe kuyala, na mlima ulikuwa mwema kabla ya mtu kujenga juu yake. Mwenye kuutazama mlima ili ajue tu jinsi Mungu alivyoufanya, huyo hutazama kwa namna ya yule aliyeuumba.

Wala asifikiri mtu kwamba vyote vimekwisha kuonekana. Mwaka 1951, katika milima hiyo ya Itombwe, alipatikana bundi mmoja mdogo ambaye wataalamu wa ndege hawakuwa wamemwandika bado katika vitabu vyao. Kisha miaka mingi ikapita bila wao kumshika mwingine wa aina yake, hata mwaka 1996 aliponaswa mmoja kwa wavu katika msitu uo huo. Miaka 45 ilipita kati ya bundi wa kwanza na wa pili! Na siku zote hizo bundi hao walikuwapo, wakiruka usiku mbele ya Mungu aliyewaumba. Mwaka 2006 serikali iliitangaza sehemu ya milima hiyo kuwa Hifadhi ya Itombwe, kwa kuwa ina viumbe visivyo na mfano kwingineko.

2. Mtoto na mlima wenye ncha

Na iwe mfano. Mtoto wa shule ya misioni apewa karatasi na kalamu za rangi, aambiwa achore nchi yake. Achora mara moja milima miwili yenye ncha kali kama meno ya msumeno, na jua katikati yake lenye miali kumi na miwili. Kisha achora nyumba yenye bomba la moshi juu ya paa. Aipeleka nyumbani kwa furaha. Babu yake, mchungaji asiyejua kusoma, aitazama picha kwa muda, kisha amwuliza: Mjukuu wangu, mlima huu ni wa wapi? Mtoto ajibu: Ni wa hapa kwetu, babu. Mzee amshika mkono, amtoa nje, amwonyesha. Milima ya Minembwe ni ya mviringo, migongo yake ni kama migongo ya ng'ombe waliolala. Jua halichomozi kati ya vilele viwili. Latokea upande wa ziwa, na kabla halijatokea anga yote ya huko imekwisha kubadilika rangi. Na katika nyumba zote za kijiji hakuna hata moja yenye bomba la moshi.

Mtoto huyo hakusema uongo kwa kusudi. Alichora kitu alichokiona katika kitabu, kwa maana hakuna aliyemwambia kwamba kilicho mbele ya mlango wake chastahili kuchorwa. Ndivyo walivyo watu wengi. Hudhani uzuri umeumbwa mbali, Ulaya au katika miji mikubwa, na kwamba nchi yao ni mahali pa kufanyia kazi na kuchoka tu.

Mwenye kuchora kwa kweli hujifunza mambo mengi kabla mkono wake haujagusa karatasi. Huuliza: Kwa nini mlima wa karibu ni wa kijani, na mlima wa mbali ni wa samawati, ingawa majani yake ni yale yale? Hutambua kwamba kati ya jicho na mlima wa mbali kuna hewa nyingi, nayo hewa hiyo ikipata nuru ya jua huleta rangi yake machoni. Huuliza: Kivuli cha mti huanguka upande gani asubuhi, na upande gani jioni? Hugundua kwamba kijani si kimoja. Kijani cha mgomba sicho cha mwanzi, na kijani cha mwanzi sicho cha jani la viazi. Mtu apataye kuyaona hayo huanza kustaajabu, na kustaajabu ni mlango wa sala. Kitabu cha Hekima chafundisha kwamba kwa ukubwa na uzuri wa viumbe mtu huweza kumtambua aliyeviumba. Lakini atamtambuaje kwa viumbe, ikiwa viumbe vyenyewe hajavitazama?

3. Wachoraji wa Katanga

Kusini ya milima ya Fizi, katika nchi iyo hiyo ya Kongo, iko nchi ya Katanga. Huko walitokea wachoraji ambao sifa zao zilivuka bahari, wala hawakutoka katika shule kubwa.

Mwaka 1926, wakati wa utawala wa Wabelgiji, mtumishi wa serikali aitwaye Georges Thiry aliona huko Bukama nyumba za udongo zilizopambwa kwa michoro kutani. Mmoja wa wachoraji hao alikuwa Albert Lubaki, mchonga pembe za ndovu. Thiry alimpa karatasi na rangi za maji, kwa kuwa mchoro wa kutani hauishi siku nyingi. Mvua huuosha na udongo hubomoka. Lubaki akachora juu ya karatasi, na mkewe Antoinette akachora vilevile. Mwaka 1929 picha za Lubaki zilionyeshwa Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji. Hivyo mambo yaliyokuwa yakioshwa na mvua Bukama yalitazamwa na watu wa Ulaya.

Miaka 20 baada ya safari ile ya Bukama, yaani mwaka 1946, Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, alianzisha mahali pa kuchorea katika mji wa Elisabethville, ambao tangu mwaka 1966 waitwa Lubumbashi. Mahali hapo paliitwa Banda, kwa Kifaransa Le Hangar. Hakutaka vijana waliokuja kwake waige picha za Ulaya. Alitaka kila mmoja achore aliyoyajua mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe. Bela Sara alipaka rangi kwa ncha za vidole vyake. Mwenze Kibwanga alijaza picha zake mistari mifupi iliyopishana kama nyuzi za nguo iliyofumwa. Na Pilipili Mulongoy, mwana wa mvuvi, alichora samaki, mamba, ndege na nyoka, na katikati yao majani na nukta za rangi nyingi, hata pasibaki mahali patupu.

Hapo yafaa kusimama kidogo. Elisabethville ulikuwa mji wa shaba, mji wa mitambo na moshi. Pilipili alipokaa bandani na karatasi yake, mbele yake hapakuwa na mto wala matete. Samaki wale aliwatoa wapi? Aliwatoa katika macho yake. Mtoto wa mvuvi hukaa saa nyingi kandokando ya maji akinyamaza, kwa maana mwenye kelele hapati samaki. Na aliyenyamaza hutazama. Aliyoyatazama utotoni yalimfuata mjini, na mkono wake uliyatoa kwa wakati wake.

Romain-Desfossés alikufa mwaka 1954, lakini wachoraji wale waliendelea na kazi yao. Mwenze alifariki mwaka 1999, na Pilipili mwaka 2007. Picha zao zingine zimehifadhiwa katika makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels. Watu husafiri mbali ili wakamwone samaki wa Katanga, ambaye wenyeji humpita kila asubuhi.

4. Je, kuchora si kutengeneza sanamu?

Wako watu wanaowatia hofu wakatekumeni wakisema: Amri ya kwanza imekataza kufanya mfano wa kitu chochote cha mbinguni au cha duniani, basi mchoraji ni mwenye dhambi. Neno hilo yafaa lijibiwe vizuri.

Mungu amekataza kuviabudu viumbe na kuvisujudia. Anayeupelekea mti sadaka, anayelisujudia jiwe au kuliomba jua limpe watoto, huyo amempa kiumbe heshima ya Mwumba. Lakini Mungu yule yule, katika kitabu cha Kutoka, alimwita Bezaleli kwa jina, akamjaza Roho yake ili awe na akili ya kuchonga na kupamba hema takatifu. Mtakatifu Yohane wa Damasko, aliyeishi katika karne ya nane, alifundisha kwamba Mkristu haabudu vitu, bali humwabudu yeye aliyeviumba vitu, aliyekubali mwenyewe kuvaa mwili kwa ajili ya wokovu wa watu. Na mwaka 787 mapadri wakuu wa Kanisa, yaani maaskofu waliokusanyika katika Mtaguso wa Nisea, waliamua kwamba picha takatifu zapasa kuheshimiwa, na kwamba ibada ni ya Mungu peke yake. Ikiwa picha ya Kristu na ya watakatifu ni halali, picha ya mlima isiyoombwa na mtu itakuwaje haramu?

Liko kosa la pili lisilosemwa mara nyingi, nalo ni kuvidharau viumbe. Mtu akipokea zawadi kwa rafiki yake, akaitupa kichakani bila kuifungua, hajaiabudu zawadi. Lakini je, amemheshimu rafiki? Mchoraji mwema hukwepa makosa yote mawili. Huupenda mlima bila kuupigia magoti, na kazi yake ni kama mtu afunguaye zawadi polepole na kushukuru.

5. Macho ya mkatekumeni

Sasa na lijibiwe lile swali la kwanza: Yamfaa nini mkatekumeni?

Kwanza, Kanisa humpa neema za Mungu kwa alama za vitu vilivyoumbwa. Atabatizwa kwa maji. Atapakwa mafuta. Atalishwa Mwili wa Bwana katika umbo la mkate. Padri hatamletea vitu kutoka mbinguni. Atachukua maji yale yale yanayobubujika kandokando ya kilima. Mtu ambaye hajapata kuyatazama maji, jinsi yanavyosafisha, yanavyoyafufua majani yaliyokauka, tena yanavyoweza kumzamisha mtu, ataelewaje kwa nini Kristu alichagua maji?

Pili, macho huhifadhi kile ambacho mikono haiwezi kushika. Tangu mwaka 2017 vita vimeitesa tena milima ya Fizi. Vijiji vingi vimechomwa, ng'ombe wengi wameporwa, na watu wa makabila mbalimbali wamekimbia, wengine Baraka, wengine Uvira, wengine ng'ambo ya ziwa. Aliyekimbia usiku hakubeba shamba wala nyumba. Lakini ikiwa alikitazama vizuri kilima chake, amekibeba. Aweza kukichora kwa mkaa juu ya ubao, akawaonyesha watoto waliozaliwa ugenini: Hapa palikuwa na kisima, mti huu ulipandwa na nyanya yenu, asubuhi ukungu ulisimama hapa. Mtakatifu Fransisko wa Asizi alitunga wimbo wake wa kumsifu Mungu kwa jua, mwezi na maji katika mwaka 1225 au karibu nao, alipokuwa mgonjwa wa macho, karibu kuwa kipofu. Alishukuru kwa nuru ambayo macho yake hayakuweza tena kuistahimili, kwa maana zamani aliitazama. Mwaka 2015 Baba Mtakatifu Papa Fransisko aliuita waraka wake juu ya kutunza viumbe kwa maneno ya wimbo huo.

Tatu, na hili ni gumu kuliko yote. Chuki nayo huchora picha. Humchora jirani kwa haraka, bila kumtazama, kama mtoto yule alivyochora mlima wenye ncha: watu wa kijiji kile wote ni hivi, watu wa kabila lile wote ni vile. Picha hiyo ni ya uongo, naye aliyeichora hakupata hata siku moja kukaa na kutazama. Anayejizoeza kuona kwamba kijani si kimoja, ataanza kuona kwamba watu wa ng'ambo ya bonde nao si kitu kimoja. Yuko mama anayechota maji, yuko mzee anayekohoa, yuko mtoto aliyeogopa. Kila mmoja wao ni mfano wa Mungu, uliochorwa na Mungu mwenyewe. Na ni vigumu kukichoma moto kijiji ambacho mtu amekitazama kwa makini hata akaujua kila mti wake.

Maswali na majibu

Swali: Mchoraji wa nchi na viumbe huanza kazi yake kwa nini?
Jibu: Huanza kwa kutazama kwa subira kile alichokiumba Mungu.

Swali: Je, ni dhambi kuchora mlima, ndege au mti?
Jibu: Si dhambi. Dhambi ni kumwabudu kiumbe mahali pa Mungu.

Swali: Ni makosa gani mawili yatupasayo kuyakwepa juu ya viumbe?
Jibu: Kuviabudu, na kuvidharau.

Swali: Kwa nini mkatekumeni ajizoeze kutazama?
Jibu: Ili amtambue Mwumba, aelewe alama za sakramenti, na amwone jirani yake jinsi alivyo.

Kazi ya juma hili

Kila mkatekumeni achague kitu kimoja kilicho karibu na nyumba yake: kilima, mti au kijito. Akitazame mara tatu kwa siku moja, asubuhi, adhuhuri na jioni, akinyamaza kila mara kwa muda wa Baba Yetu tano. Siku ya Dominika aeleze mbele ya wenziwe mambo matatu ambayo hakuyaona kabla ya siku ile. Mwenye karatasi achore. Asiye na karatasi achore kwa kijiti mchangani. Hata mvua ikiufuta mchoro huo, Mungu ameuona, na macho yaliyoutazama mlima hayatausahau.